Nyeri, ambako stima hulazwa kabla ya watu

Mgeni akilala kwa mara ya kwanza katika nyumba ya familia mjini Nyeri, hachukui muda kutambua kwamba kuna kazi moja ya usiku isiyoahirishwa. Taarifa ya habari ikiisha, vyombo vikishaoshwa na mlango wa nje ukishatiwa komeo, mmoja wa wenyeji, aghalabu mama wa nyumba, hupita chumba kimoja baada ya kingine akichomoa plagi. Huchomoa televisheni na king'amuzi chake. Huchomoa redio. Huchomoa pasi hata kama haijatumiwa tangu Jumapili. Mtoto akiuliza kwa nini kuzima swichi hakutoshi, hujibiwa kwamba stima haijalala mpaka ichomolewe.

Desturi hii si ya Nyeri pekee. Msomaji anayeuzunguka Mlima Kenya kwa matatu, kutoka Karatina hadi Nyeri, kisha Naro Moru, Nanyuki, Timau, Meru, Chuka na Embu, ataikuta karibu kila anapolala. Hata hivyo, sababu zinazotolewa hubadilika kadiri barabara inavyopinda. Huku watasema ni nyumba za mbao, kule watasema ni radi, na kwingine watakwambia ni stima yenyewe isiyotabirika. Nimezisikia zote, nami naona zote zina ukweli ndani yake, ingawa kuna jambo moja kubwa ambalo wachomoaji wengi hulipita kila usiku bila kuliona. Tutalifikia.

Mtu akitoka Nairobi huanza kukutana na milima hasa anapokaribia Karatina. Mji huu unajulikana kwa soko lake la viazi, kabeji, maharagwe na mitumba, lakini anayetaka kuielewa stima ya nyumba za wananchi na aangalie vibanda vya vifaa vya umeme. Hapo kuna chaja za kila aina, waya za ekstensheni za rangi rangi, pasi, birika za umeme na redio zilizokwisha kutumiwa ng'ambo. Nyingi kati yake huja na plagi ya meno mawili ya mviringo, ilhali soketi zetu ni za matundu matatu.

Soketi hiyo ya matundu matatu tuliirithi kwa Waingereza, walioitungia kanuni mwaka wa 1947, na haikubuniwa ovyo ovyo. Jino la juu ni refu kuliko mengine mawili. Linapoingia kwanza hufungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya chini, ndipo mengine yapite. Jino hilo ndilo linaloungwa na waya wa ardhini, na ndani ya plagi kuna fyuzi ambayo hukatika mkondo unapozidi. Sasa mwenye plagi ya meno mawili hufanyaje? Kila mwanafunzi anajua. Huchukua kijiti cha kiberiti au kifuniko cha kalamu, akakisukuma katika tundu la juu, vifuniko vikafunguka, akaingiza meno yake mawili. Kwa hiyo kifaa kikawa hakina ardhi, hakina fyuzi, na meno yake yamelegea. Plagi iliyolegea hupata moto taratibu, na plastiki huanza kuwa kahawia. Ukiona soketi ya nyumbani kwako imebadilika rangi, usingoje harufu.

Kuna pia wale ambao fyuzi ikikatika huifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili kifaa kiendelee kufanya kazi. Kitendo hicho ni sawa na kumfunga mbwa mdomo kwa sababu alibweka mwizi alipokuja.

Mafiga

Kutoka Karatina, barabara hugawana Marua. Moja huelekea Nyeri mjini na nyingine huenda Kiganjo na Nanyuki. Nyeri iko kiasi cha kilomita 150 kutoka Nairobi. Asubuhi yenye anga safi, Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, huonekana upande wa mashariki, na safu ya Nyandarua iko magharibi. Wageni wengi huja kuona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti aliyefariki hapa Januari 1941, au, kwa miaka mingi, walipita wakienda Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti mwaka wa 1932. Ni wachache wanaokumbuka kuwa Treetops ile ya kwanza haipo tena. Iliteketezwa kwa moto mwaka wa 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, na iliyopo ilijengwa upya baadaye.

Lakini tusipotee njia. Neno lenyewe stima lina safari yake. Pwani na Tanzania, stima ni meli inayokwenda kwa mvuke. Kwetu Kenya neno hilo liliacha maji likapanda nguzo, likawa jina la nguvu za umeme, na Wakikuyu wakalitamka thitima. Jambo la kupendeza ni kwamba kitenzi cha Kikikuyu cha kuzima moto, kuhoria, ndicho hicho hicho kinachotumiwa kwa taa. Mzee akimwambia mjukuu wake ahorie, haoni tofauti kubwa kati ya kinga cha moto na swichi ya ukutani.

Nadhani hapo ndipo desturi hii ilipozaliwa. Katika nyumba ya jadi moto ulikaa kati ya mafiga matatu, watu wakilala kando yake. Usiku makaa yalifunikwa kwa majivu ili yasirushe cheche, na pia yasife kabisa, kwa maana asubuhi yangefukuliwa na kupulizwa. Aliyeufunika moto alikuwa mama wa nyumba. Stima ilipofika, na katika vijiji vingi ilifika juzi tu, baada ya serikali kuanza mradi wake wa kusambaza umeme hadi mashinani mwaka wa 2015, kazi hiyo ikaendelea kuwa ya mama yule yule. Badala ya majivu, akaanza kuchomoa plagi.

Vijana wa mjini huicheka. Husema nyanya anadhani stima inavuja sakafuni kama maji. Acheni wacheke, lakini fundi yeyote atawaambia kwamba nyanya ana hoja. Swichi ya soketi aghalabu hukata waya mmoja tu, ule wenye moto. Aliyetandaza nyaya za nyumba akizibadilisha, waya wenye moto ukaenda mahali pa mwenziwe, basi swichi ikizimwa kifaa husimama lakini ndani yake bado mna umeme wa volti 240. Katika nyumba za kukodisha zilizojengwa kwa haraka, ambapo mwenye nyumba alimwita mtu wa karibu badala ya fundi mwenye leseni, hilo si jambo la ajabu. Kuchomoa hukata kila kitu, hata kosa la fundi.

Isitoshe, kuna faida ya mfuko. Televisheni na king'amuzi vilivyozimwa kwa rimoti havijazimwa, vinasinzia tu. Chukua kifaa kinachovuta wati 10 usiku na mchana. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni uniti 7 na kitu, ambazo mwenye mita ya tokeni amezinunua bila kuona chochote. Watu wa Nyeri, ambao nchi nzima huwatania kwa kuhesabu shilingi, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Koili

Ukipanda kuelekea Kieni, Naro Moru na Nanyuki, utani hupungua na baridi huzidi. Nyumba nyingi za huku, hasa zile za zamani na za wenye mapato ya chini, ni za mbao, na wengine hubandika magazeti au makaratasi ya maboksi ndani ili kuzuia upepo. Julai ukungu unaposhuka na jua likakosekana kwa siku kadhaa, nyumba kama hiyo huhitaji joto. Zamani joto lilitoka kwa jiko la makaa, ambalo lina hatari yake ya moshi wenye sumu ukifunga madirisha. Siku hizi kuna hita ya umeme, kuna birika, na juu ya yote kuna koili.

Koili ni chombo cha kuchemshia maji ya kuoga: chuma kilichopindwa, chenye mkono wa plastiki na waya. Hutumbukizwa katika ndoo na kuachwa mpaka maji yachemke. Haina kengele, haina kifaa cha kuizima yenyewe, na mara nyingi haina hata taa ya kuonyesha kuwa inafanya kazi. Maji yakikauka, au ikitolewa majini kabla ya kuchomolewa, huwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Ukiingiza mkono katika maji kuona kama yamepata moto huku koili ingali imechomekwa, unaweza kupigwa na stima. Hata hivyo, wanafunzi wa vyuo vya eneo hili, kuanzia Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi pale Nyeri na kile cha Karatina hadi vile vya Chuka, Meru na Embu, wanaijua koili kuliko wanavyoijua kamusi. Wenye hosteli huipiga marufuku. Wanafunzi huificha chini ya kitanda.

Hapa ndipo penye lile jambo nililoahidi. Tazama kinachochomolewa usiku katika nyumba ya kawaida: televisheni, king'amuzi, redio. Hivi ndivyo vitu vya bei, navyo viko sebuleni ambako hakuna anayelala. Sasa ingia vyumba vya kulala. Chaja ya simu imechomekwa, na simu iko chini ya mto wa kijana. Waya wa ekstensheni umepita chini ya zulia au chini ya godoro, ambako huwezi kuuona ukichubuka. Hita imewashwa kando ya blanketi kwa sababu mtoto ana kikohozi. Desturi imelinda mali kwa bidii kubwa, na watu wakaachwa wajilinde wenyewe.

Hesabu ya ekstensheni ni rahisi, na inafaa kila mzazi aifanye pamoja na watoto wake. Soketi yetu imetengenezwa kwa ampea 13. Zidisha kwa volti 240 upate wati 3,120. Hita moja inaweza kuvuta wati 2,000, na birika la umeme 2,000 nyingine. Ukiviweka vyote katika ekstensheni moja umefika 4,000, na ule waya mwembamba ulionunuliwa kandokando ya barabara huenda hauwezi kubeba hata nusu ya mzigo huo. Hapo waya ndio unaogeuka hita. Ukiwa umekunjwa au kufunikwa, joto lake halina pa kutokea.

Tangu Septemba 2024 wazazi wa Kieni huzungumza kuhusu usiku kwa namna nyingine. Usiku wa tarehe 5 mwezi huo, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha liliteketea, na wavulana 21 wakafariki. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo. Siutaji msiba ule ili kuuhusisha na plagi. Nautaja kwa sababu uliwafundisha watu wa milima hii, kwa bei isiyosemeka, jinsi moto wa usiku ulivyo na kasi, na jinsi watu waliolala wasivyokuwa na nafasi. Mlango unaofunguka, dirisha lisilo na vyuma visivyotoka, na njia isiyozibwa na vitanda: hayo ni mambo ya kuangaliwa nyumbani pia, si bwenini pekee.

Friji

Nanyuki, mji ulio kwenye ikweta, nilisikia swali ambalo huulizwa pia Nairobi. Je, friji nayo ichomolewe usiku? Wako wanaofanya hivyo, na asubuhi maziwa yamechacha. Friji imetengenezwa ifanye kazi mchana na usiku, na kuichomoa kila jioni ni kuharibu chakula na kuichosha mashine bure.

Haina maana kwamba friji ni malaika. Tarehe 14 Juni 2017, jijini London, moto ulianza karibu na friji katika jikoni ya nyumba moja ya ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower. Ukatoka dirishani, ukashika vifuniko vya ukuta wa nje vilivyokuwa vikiwaka kwa urahisi, ukapanda jengo zima. Watu 72 walipoteza maisha. Kilichoua wengi ni ukuta ule na kasoro za jengo, lakini chanzo kilikuwa kifaa cha jikoni kama chako na changu, usiku, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo friji ipewe soketi yake ya ukutani isiyogawanywa na kifaa kingine, iwekwe mbali kidogo na ukuta ili ipumue, na vumbi la nyuma lifagiliwe.

Kutoka Nanyuki barabara hupitia Timau, penye mashamba ya ngano na maua, kisha huteremka hadi Meru. Hapo mlima umeuacha nyuma ule upande wake mkavu. Meru, Chogoria na Chuka ziko upande unaopokea mvua nyingi, na sababu ya kuchomoa hugeuka kuwa radi. Aprili na Novemba, alasiri, mawingu yakianza kujikusanya juu ya msitu, utawaona watu wakiingia nyumbani kuchomoa televisheni hata kama mpira unaonyeshwa. Wanafanya vyema. Radi ikipiga laini ya umeme hata mbali na nyumba, nguvu yake husafiri kwa waya, na pengo dogo la ndani ya swichi haliwezi kuizuia. Plagi iliyo nje ya soketi ndiyo salama. Wengi husahau waya wa antena, ambao nao ni njia ya radi kuingia, kwa hiyo nao utolewe. Lakini jambo hili lifanywe mapema. Radi ikishaanza kupiga karibu, usishike plagi wala waya wowote. Afadhali televisheni iungue.

Tumbili

Kutoka Chuka kwenda Embu unavuka mito mingi inayotiririka kutoka mlimani. Maji hayo, pamoja na yale ya Nyandarua, huishia mto Tana, na huko chini ya Embu yanazungusha mitambo ya Kindaruma iliyofunguliwa mwaka wa 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988. Leo mvuke wa Olkaria hutoa umeme mwingi zaidi, lakini kwa miaka mingi Kenya iliwaka kwa maji ya milima hii. Mama wa Nyeri anayechomoa redio anaulaza mto wake mwenyewe.

Gitaru ndipo alipoingia tumbili. Tarehe 7 Juni 2016 mnyama huyo alipanda paa la kituo, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Wakenya walicheka siku nyingi. Kicheko kilipungua stima ilipokatika kote nchini mara kadhaa mwaka wa 2023, mwezi wa Agosti, Novemba na Desemba, na hapakuwa na tumbili wa kulaumiwa.

Mafundi huwa na wasiwasi zaidi na kurudi kwa stima kuliko kupotea kwake. Inaporudi, volti huweza kuyumba, kwa kuwa friji na mashine za mtaa mzima huamka kwa pamoja. Ndiyo maana maduka huuza visanduku vya kulinda friji, ambavyo husubiri dakika chache kabla ya kuipitisha stima ili mashine yake isiwashwe ikiwa bado ina mgandamizo.

Tena kuna pasi. Mtu anapiga pasi sare za shule saa mbili usiku, stima inapotea. Anatafuta mshumaa, anaiacha pasi mezani juu ya nguo, anaingia kulala. Stima inarudi saa tisa usiku. Hakuna aliyeigusa swichi, kwa hivyo pasi inaanza kupata moto palepale ilipoachwa. Koili iliyoachwa ndooni hufanya vivyo hivyo, na hita iliyosukumwa kando ya kitanda nayo ni hivyo hivyo. Mtu aliyezoea kuchomoa wakati wa kulala anaweza kuusahau usiku huo, maana gizani haoni kilichochomekwa, na anaamini hakuna stima.

Embu nimeona nyumba ambazo zimelitatua jambo hili bila gharama. Stima ikipotea, wa kwanza kupata tochi huzunguka akichomoa kila kinachotoa joto, akianzia vyumba vya kulala, ndipo mshumaa utafutwe. Swichi ya taa ya sebuleni peke yake huachwa ikiwa imewashwa. Taa hiyo ikiwaka usiku wa manane, huonekana chini ya mlango, na mtu mmoja huamka kuizima. Plagi nyingine husubiri asubuhi, ila ile ya friji, ambayo hurudishwa baada ya dakika tano.